Chura wa Kilo Arobaini na Moja

Jumanne asubuhi Phelesia alikuwa akifagia uwanja wake kule Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, alipomkuta chura ameketi mlangoni. Akamsukuma kwa ufagio. Chura hakusogea, mpini wa ufagio ukavunjika. Alikuwa chura mdogo tu, wa kuenea kiganjani, mwenye macho ya upole. Phelesia aliinama kumwokota, akashindwa, akamwita mwanawe Frankline, naye akaja na wilbaro.

Hemed, mwenye duka la nafaka, alimweka kwenye mizani ya magunia. Kilo arobaini na moja.

"Huyu anakaribia nusu gunia," alisema Hemed. "Mumweke pahali pa baridi, mama."

Vyura wengine wanne walikuwa wamezama hadi shingoni kwenye tope la kijito kilicho karibu na boma. Zamani vyura wa hapo walikuwa hawahesabiki. Mvua ikikaribia walipiga kelele mpaka mtu asisikie redio yake mwenyewe, na hapo ndipo watu walipotoa mbegu. Sasa walikuwa wamebaki hao watano. Frankline aliwaleta mmoja mmoja, Phelesia akawachimbia kidimbwi cha maji ya mvua chini ya paa. Aliwapenda upesi, maana hajui kukaa na kiumbe bila kukipenda. Kila jioni aliwatania, "Wazee wa kanisa, mmeshindaje?"

Cephas, afisa wa mazingira, alikuja na daftari.

"Ni zebaki, ile mnashikia dhahabu," alisema. "Chura anakunywa maji kwa ngozi, mama. Hawezi kufunga mdomo akatae."

Aliandika ripoti, akaipeleka mjini, ikapigwa muhuri.

Siku hiyo Phelesia aliitazama mikono ya Risper, mke wa Frankline, ambaye nyumbani humo aliitwa Nyar Sindo kwa kuwa kwao ni Sindo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa akikanda mchanga na zebaki karaini kwa mikono mitupu, akaukamua kwenye kitambaa, kisha maji yaliyobaki akaenda kuyamwaga kijitoni. Phelesia ndiye aliyemfundisha: usimwage uwanjani utachafua boma, peleka mtoni. Kwa miaka ishirini aliuita huo usafi. Sasa roho ilimuuma.

"Nyar Sindo, nyathina, mwanangu, wacha hiyo karai mpaka mtoto azaliwe."

"Na tutakula nini, Mama? Shimo ya dhahabu ya kina Frankline imejaa maji."

Phelesia alilivuta karai kwake. Akaketi kukanda mwenyewe. Macho yake hayakuwa tena ya kuona chembe, na kwa wiki nzima hakupata kitu. Risper alilichukua karai lake taratibu, akicheka.

"Unamwaga dhahabu yote, Mama. Enda uongee na vyura wako."

Mwezi uliofuata nyayo za Risper zilianza kuzama uwanjani. Frankline alitandika mbao kutoka mlangoni hadi jikoni.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike, nywele tele, mdogo kama watoto wote. Wakamwita Achieng, kwa kuwa jua lilikuwa juu. Nyanchama, muuguzi wa zahanati, alijaribu kumnyanyua, akaita mtu wa pili, kisha wa tatu na wa nne. Mizani ilipovunjika aliandika "mwenye afya" na kuwatakia safari njema.

Nyumbani, kina shangazi hawakuweza kumpokezana mikononi kama ilivyo desturi. Basi walipanga foleni, kila mmoja akalala mkekani kando yake, akamnusa shingo, akaondoka akitabasamu. Phelesia alikuwa wa mwisho.

"Mniwekee kifuani," alisema.

"Mama, atakuumiza."

"Nimesema mniwekee."

Watu wanne walimweka. Mbavu za Phelesia zililia, naye akamkumbatia mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Mwepesi kabisa," alisema alipopata pumzi. "Nani alisema huyu ni mzito?"

Jumatatu Risper alirudi kijitoni na karai lake. Phelesia alibaki mkekani mpaka saa kumi, mtoto kifuani, akipumua kidogo kidogo.