Kilima Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mkuu wa ofisi ya upimaji, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Hakika, alikuwa amekwisha kuamua: kilima kinateremka milimita tatu kila mwaka, na waliojenga chini yake wahame. Mchambuzi wake wa takwimu, binti mmoja, alirudi kwenye meza yake. Nyumba ya kwanza chini ya kilima ilikuwa ya mama yake, na mama huyo alikuwa haambiliki wala hasemezeki. "Mtanihamisha nikiwa maiti," alikuwa ameapa.

Binti akayarudia vipimo vya kifaa cha setilaiti kilichofungwa juu ya kilima. Kila siku kifaa kilisema kiko wapi, na kila siku kilikosea kidogo. Bwana Hakika alihesabu kana kwamba kosa la leo halijuani na la jana. Kumbe makosa hayo yalikuwa ndugu wa tumbo moja: udongo ukilowa leo, kesho bado umelowa, na kosa linaendelea. Kelele, kama wapimaji wanavyoyaita makosa hayo, yenye kumbukumbu namna hiyo hutambaa yenyewe miaka na miaka, ukadhani ni kilima. Alipohesabu upya, shaka ikawa kubwa kuliko mwendo wenyewe.

Alifurahi, kisha akaiogopa furaha yake, maana anayelipenda jibu huliona hata lisipokuwepo. Akafuta jina la kilima, akampa namba hizo mwenzake wa meza ya pili, mtu asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Huenda kinasogea, huenda ni kelele tu," yule alimjibu jioni. "Mimi siapi."

Bwana Hakika alipoonyeshwa hesabu alinuna, lakini amri ya kuhama ikasimamishwa. Binti akaenda mbio kwa mama.

"Mama, hakuna wa kukuhamisha tena."

"Si nilisema? Kilima hakisogei!"

Binti angeweza kuitikia tu, akanywa chai yake. "Hatujui, mama. Huenda kinasogea."

"Hamjui? Na mavyombo yote yale?"

"Na mavyombo yote yale."

Mama akautazama ukuta wa nyuma, ule wa upande wa kilima.

"Yule mkuu wako akiapa, namshinda kwa ubishi. Lakini wewe, tangu utotoni, sijawahi kukusikia ukikiri kuna kitu hukijui."

Akavuta kiti, akapanda, akaanza kutungua mapazia. 

"Usinitumbulie macho, mwanangu. Shika huku, tufungashe."