Betri ya Kigango

Jumanne tarehe 8 Julai 1975, asubuhi, ukungu ulikuwa mzito na majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Hadi saa nne jua lilikuwa halijaonekana. Didas Kalinga, fundi baiskeli wa kijiji, alifungua sanduku la mbao mbele ya kigango, watu wakiwa wamejifunika mablanketi.

Sanduku lilitoka kwa marafiki wa kigango walioko Ulaya. Miaka miwili kabla ya hapo kamati ya kigango ilikuwa imewaandikia kuomba kitanda cha kuzalishia. Ndani ya sanduku mlikuwa na gurudumu moja la baiskeli, habu yake ya katikati nene kama sufuria, na ndani ya habu hiyo kulikuwa na mota. Mlikuwa pia na betri ya ukubwa wa matofali mawili yenye kioo cha duara, sindano na mistari kumi. Vitu vingine vilikuwa nyaya, mkono wa usukani wa kuzungusha, na karatasi ya picha yenye maneno ambayo hakuna aliyeyajua.

"Labda kitanda kiko njiani," alisema katekista Ambrosi.

"Kinakuja kwa miguu?" aliuliza Evarista, mke wa Didas.

Watu walicheka kidogo, wakavua kofia, wakasali sala ya shukrani.

Evarista alikuwa na sababu ya kukiulizia kitanda. Binti yake Verediana alikuwa na mimba ya miezi sita, na mume wa binti huyo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mwaka uliopita Verediana alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, wanaume wanne wakambeba kwa machela kwenda hospitali ya misheni, kilomita ishirini na sita. Mtoto alizaliwa kwenye daraja la pili. Walimzika huko huko, kwa sababu machela ilibidi iendelee na mama.

Hayo yalitokea baada ya kijiji kuhamishwa. Zamani watu hao waliishi bondeni, karibu na mto. Kisha waliambiwa wapande juu, kando ya barabara iendayo Nyololo, ili zahanati na shule ziwafikie. Shule ilifika. Zahanati ilifika kama lundo la mawe ya msingi. Mto ulibaki bondeni. Wanawake walishuka kuchota maji na kupanda nayo kichwani kila siku. Evarista hakuwa na saa, hivyo aliipima njia kwa rozari: kushuka rozari tatu, kupanda tano. Kiangazi, maji yakipungua na foleni ikiwa ndefu, kungoja na kupanda vilichukua sita.

Didas alifunga mota kwenye baiskeli nyeusi ya Kichina ambayo kigango kilikuwa nayo kwa safari za katekista. Aligeuza baiskeli miguu juu, akatoa gurudumu la mbele, akajaribu kuingiza lile jipya. Foki, ile miguu miwili ya chuma inayolishika gurudumu, ilikuwa nyembamba kwa ekseli ipitayo katikati ya habu. Akachukua tupa, akaikwangua pande zote mbili kwa uvumilivu, akaweka washa, vile viduara vya chuma, na kukaza nati. Betri aliifunga juu ya keria kwa mipira ya tyubu, akibakiza nyuma nafasi ya mtu kukaa.

Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya kipande cha chuma kinachoshika ekseli na kuifunga kwenye foki. Kipande hicho hakikuwamo sandukuni. Didas aliona kuwa nati zinatosha. Betri ilikuwa na chaji kidogo iliyotoka nayo Ulaya. Alipozungusha mkono wa usukani gurudumu lilisimama, na badala yake ekseli ikazunguka, ikakata nyaya. Kisha akaenda nyumbani, akachukua jembe la mke wake lililokwisha makali, akakata kipande, akakitoboa na kukifunga mahali pake. Akaunga nyaya. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Kijijini hapakuwa na umeme. Kwa kuwa darasa ndilo lililokuwa na kufuli, baiskeli iliwekwa humo, nyuma ya madawati.

Darasa hilo hilo lilikuwa la kisomo cha watu wazima, kila siku ya kazi saa kumi jioni. Wanawake walikuja moja kwa moja kutoka mtoni, wakaacha madebe yao mlangoni. Mwalimu Yotamu, kijana mpole ambaye pia alikuwa katibu wa kijiji, alikuwa amezoea kufundisha watu wanaosinzia. Siku ya pili Evarista alichelewa. Dawati la mbele lilikuwa limejaa, akaenda nyuma, akashika betri ili ajishushe taratibu kwenye benchi.

Sindano ikapanda mstari mmoja.

"Mwalimu," alisema Evarista, "hiki kitu chenu kimenyanyuka."

Yotamu alikuja akatazama. Alimwomba Leokadia, mjane aliyekaa jirani, naye aguse. Sindano ikapanda mstari wa pili. Wanawake walipanga mstari kama wanavyopanga mtoni, wakagusa mmoja mmoja, na mtu wa kumi alipomaliza betri ilikuwa imejaa. Yotamu aliandika jambo hilo kwenye daftari la mahudhurio, kisha akaendelea na herufi. Siku hiyo hakuna aliyesinzia. Evarista alishika kalamu, akaandika jina lake lote bila kupumzika. Uchovu ulimrudia baadaye, wakati wa kupika.

Tangu siku hiyo katekista aliitumia baiskeli mchana, na betri ilijazwa kila jioni kabla ya somo. Didas alijaribu alipotoka shambani, akapata nusu mstari. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Eliezeri, alikuja siku moja baada ya mkutano uliochukua kutwa nzima. Aliweka mikono yote miwili.

"Imejaa," alisema.

"Haijajaa, Ndugu Mwenyekiti. Iko sifuri," alisema Yotamu.

"Basi imeharibika."

Leokadia alinyoosha kidole kimoja juu ya bega la mwenyekiti, akagusa. Sindano ikapanda. "Imepona," alisema, akarudi kukaa.

Wiki iliyofuata serikali ya kijiji iliamua kuwa baiskeli ni mali ya wote, itakaa chini ya mwenyekiti, na wagonjwa watapewa nafasi ya kwanza. Katekista Ambrosi alikubali kwa ajili ya amani. Kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa, Eliezeri aliipanda kwenda mikutanoni. Alikwenda Nyololo na kurudi bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Watu wa barabarani walimzoea: mtu aliyekaa wima na kofia yake, akipanda kilima kwa kasi ile ile ya kushuka.

Mwezi wa Septemba ilikuja barua ya wilaya kuhusu bomba la maji. Mabomba yalikuwa yamepatikana. Kijiji kilitakiwa kuchimba mtaro tu, na kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mkutano uliitishwa nje ya darasa, wanaume kwenye mabenchi na wanawake kwenye nyasi.

Yotamu aliisoma barua, kisha akanyoosha mkono. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Nimetazama daftari," alisema. "Wanawake wanaochota kwenye chemchemi ya hapa shuleni wanapandisha robo mstari. Wanaoshuka mtoni kila mmoja anapandisha mstari mzima. Chemchemi inatosha nyumba tatu. Sasa naomba kuelekezwa. Maji yakifika milangoni, betri itajazwa na nini?"

Swali liliandikwa kwenye kumbukumbu.

"Wanaume nao wachote," alisema Leokadia. "Wachoke, ijae."

Wanaume walicheka kwa muda mrefu. Mmoja alisimama akatembea na debe la kuwaziwa kichwani, akitingisha kiuno, wakacheka tena. Hilo halikuandikwa.

Eliezeri alifuta macho. "Mama Verediana," alimwambia Evarista, "wewe ndiye mwenye mgonjwa. Mwezi ujao binti yako atahitaji kufika misheni. Tuambie wewe. Maji au baiskeli?"

"Vyote viwili, Ndugu Mwenyekiti."

"Vyote viwili havipo."

"Zahanati je?"

"Zahanati ipo kwenye mpango. Mawe si unayaona?"

Evarista aliyaona. Alimtazama pia Verediana, aliyekuwa amenyoosha miguu iliyovimba, akishona shati la mtoto. Alisali kimoyomoyo. Aliomba aonyeshwe jibu jingine, akangoja, na jibu jingine halikuja.

"Wanaotaka bomba wanyooshe mikono," alisema Eliezeri.

Mkono wa Evarista ulibaki kwenye mapaja. Wanawake wengine walikuwa wanautazama mkono ule, na yao pia ikabaki. Yotamu aliandika barua kwa hati nzuri: kijiji kinaishukuru wilaya, na kinaomba suala la maji lifikiriwe siku za mbele.

Jioni ile Verediana alimfuata mama yake jikoni. "Mama, umeacha maji kwa ajili yangu."

"Menya viazi," alisema Evarista.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nane mchana, Verediana alishikwa na uchungu. Didas alikimbia darasani, akakuta kufuli limefunguliwa na baiskeli haipo. Eliezeri alikuwa amekwenda Nyololo kwenye mkutano wa usafi wa vyoo. Alirudi saa kumi na moja, akikanyaga pedeli na kutoka jasho, kwa maana sindano ilikuwa imelala sifuri tangu nusu ya njia.

"Sikujua ni leo," alisema. Ni kweli hakujua.

Didas alipiga kengele ya shule. Wanawake kumi na wanne walikuja wakagusa. Lakini Jumamosi walikuwa wameshuka mtoni mara moja tu, asubuhi, na wengine walikuwa wamelala kidogo mchana. Sindano ilipanda hadi mstari wa tano, ikakaa hapo. Kilima cha misheni kilihitaji minane.

Evarista alitazama mto ulikokuwa. Rozari tatu za kushuka, sita za kurudi: usiku ungeingia kabla. Kisha akalitazama lundo la mawe ya zahanati. Akalisogelea, akainua jiwe moja kubwa kichwani, akalipeleka ng'ambo ya njia. Akarudi kuchukua jingine. Leokadia alifuata, kisha wote. Walihamisha mawe yote upande wa pili, halafu wakayarudisha. Didas naye alibeba mpaka mikono ikachubuka, akagusa betri, akapata robo. Betri haikupokea uchovu wa saa moja peke yake. Ulipaswa kukaa juu ya uchovu mwingine.

Eliezeri alisimama pembeni. "Myapange vizuri," alisema, "wataalamu wakija wayakute sawa."

Verediana alikaa kwenye benchi la nje, akishika ukingo kila uchungu ulipokuja. Mawe yalipohama mara ya tatu, wanawake waligusa, na sindano ikafika mstari wa nane na kupita kidogo. Evarista aligusa mwisho na akauacha mkono wake hapo hadi Didas alipomwambia inatosha. Wakamfunga Verediana kwa kitenge kwenye kiuno cha baba yake, wakaondoka, na baiskeli ilikipanda kilima bila sauti, jua likizama. Evarista alifuata kwa miguu, akihesabu rozari.

Mtoto alizaliwa hospitalini saa tatu na nusu usiku, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Bibi yake alifika alfajiri. Nesi alimwambia, "Mama, kaa chini, umechoka."

"Sijachoka bado," alisema Evarista. "Uchovu utarudi baadaye."

Padri alipita kijijini Jumapili ya pili ya Novemba, akambatiza mtoto jina la Agripina kwa maji ya debe moja. Ni desturi ya kigango kile kwamba baada ya ubatizo ndugu husimama nje ya mlango, na kila mmoja hutoa ahadi moja kwa sauti, watu wote wakisikia, na katekista huiandika ili mtu asije akaikana.

Baba wa mtoto, aliyekuwa amepewa ruhusa ya siku mbili, aliahidi viatu siku ya kuanza shule. Didas aliahidi kuikagua mota kila mwezi na kuipaka grisi. Eliezeri hakuwa mkatoliki wala ndugu, lakini alikuwa mwenyekiti, akaombwa naye aseme neno. Aliahidi kuwa mtoto huyu, kama watoto wote wa kike wa kijiji, ataikuta baiskeli ipo. Watu wakapiga makofi.

Verediana alisimama na mtoto mgongoni. Hakuahidi kitu. Alikuwa ameshaanza tena kushuka mtoni, siku ya ishirini baada ya kujifungua, na kwenye daftari la mwalimu alikuwa anapandisha mistari miwili peke yake.

"Mama Verediana," aliita katekista Ambrosi, kalamu tayari.

Evarista alisogea mbele. Alijifuta mikono kwenye kanga, akamwangalia mtoto, kisha watu, kisha padri.

"Mimi bibi yake naahidi mbele yenu," alisema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Siku ya huyu ikifika, naye akitakiwa kupelekwa misheni, kama Mungu atakuwa ameniacha hai, nitakuwa nimechoka vya kutosha."