Chumba cha Likizo cha Bartholomeo

Wapangaji wa kila namna nimewapata katika nyumba yangu hapa Shinyanga, karibu na stesheni: makarani wa pamba, watu wa reli, wachimba almasi wa Maganzo ambao leo wamekuja na kesho huwaoni. Lakini wazazi wanaokuja kumpangia chumba mtoto ambaye hata hayupo, hao sikuwa nimewapata mpaka mwaka ule wa hamsini na nne.

Walishuka kwenye lori la marobota ya pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Mume aliitwa Jilala, mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu. Mkewe, Limi, alisimama nyuma yake akikumbatia kapu. Mtoto wao Bartholomeo alikuwa chuo cha ualimu upande wa Tabora, na chuo kilikuwa kinafungwa kwa likizo ndefu. Huko Nyarugusu, Jilala aliniambia, kibanda chao kimebanana na vilabu vya pombe, na kutwa kucha mawe yanapondwa. Kijana alikwisha kuwaambia likizo iliyopita kwamba kwao hapasomeki.

"Na ana wenziwe, mama," akaongeza, Kiswahili chake kikijikwaa. "Watoto wa makarani, watoto wa watemi. Nataka chumba ambacho mwenziwe akija kumwona, mtoto asione haya. Hilo tu."

Nilimpenda hapo hapo, ingawa alinichosha. Chumba changu alikikagua kama mtu anayenunua fahali. Alitazama bati kama linavuja, akatikisa komeo, akajilaza kitandani huku viatu kavishika mkononi asinichafulie, kisha akauliza kama kuna mlevi humu ndani. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni Mwislamu tena mkali. Pombe humu haipiti hata dirishani." Hakucheka. Alikuwa na shughuli.

Limi hakujua Kiswahili. Mimi ni Mnyamwezi, na Kisukuma si kigeni kwangu, basi nikamkaribisha kwa jina la mwanawe, Mama Bartholomeo, naye akatabasamu mpaka akafunika mdomo kwa khanga. Kisha akainama, akaipapasa sakafu yangu ya saruji kwa kiganja, akasikitika. Akaniuliza ni nani aliyeiacha kavu namna hii. Sikumwelewa. Nilikuwa na mbio zangu za sokoni, nikamjibu lolote nikaondoka.

Niliporudi, harufu ilinipokea barabarani. Mwanamke yule alikuwa amekwenda mnadani akajaza ndoo mavi mabichi ya ng'ombe, akayachanganya na majivu, na sakafu yangu, niliyoipiga saruji kwa mafao ya marehemu mume wangu, akaisiriba yote kutoka ukutani hadi mlangoni. Kazi yenyewe safi, vidole vimechora mawimbi yanayolingana. Saruji hakuwahi kuikanyaga maishani. Aliiona ni sakafu tu iliyotelekezwa, na kwao mama hampokei mwanawe katika nyumba isiyosiribwa, labda awe mvivu au mgonjwa.

Nilifoka. Nilifoka kwa Kiswahili, nikafoka kwa Kisukuma. "Zizi! Umenigeuzia nyumba zizi!" Majirani wakatoka kutazama. Limi alisimama katikati ya chumba, mikono imetapakaa hadi kwenye viwiko, akageuka huku na huku akiikagua sakafu. Akaniuliza polepole, "Kwani nimeruka wapi?"

Hasira ikaniisha, nikabaki na aibu. Nilitamani wale majirani niliowaita kwa kelele zangu warudi makwao.

Jilala alitukuta hivyo, ametoka dukani na taa mpya ya chemli, na stesheni amepita kuagiza kijana aelekezwe hapa. Nilipomweleza, uso ukamshuka. Hakumgombeza mkewe. Aliweka taa dirishani, akavua shati, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa kipande cha bati. Limi naye akachukua ndoo kwenda bombani. Nikamwambia Jilala aache, kesho nitatafuta mtu wa kusaidia.

"Treni inaingia leo, mama," akasema, wala hakuinua kichwa.

Treni ilikuwa imekwisha kuingia. Hatukukaa, wakatokea vijana wawili mlangoni. Bartholomeo sikuhitaji kuonyeshwa, masikio yalikuwa ya baba yake kabisa. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Aliyefuatana naye, Stanslaus, alikuwa mwenziwe wa chuoni, alale hapa kisha aendelee na safari ya kwao Mwanza.

Jilala akainua uso. Alikuwa magotini, kifua wazi, mavi mikononi na usoni. Stanslaus akashika pua. "Bwana we, ndicho chumba chenyewe? Na huyu ni nani?"

Bartholomeo aliinama akavuta soksi juu.

"Kibarua," akasema. "Wanasafisha." Kisha akamwambia baba yake, "Pole na kazi, mzee."

Mkataa kwao mtumwa! Methali ilinijia ulimini ikiwaka moto. Wala nisingehitaji methali. Ningemwita tu Baba Bartholomeo, kama nilivyomwita mkewe Mama Bartholomeo, na yote yangekuwa peupe. Nikafungua mdomo. Jilala akanitazama. Sijapata kuombwa kitu namna ile na macho ya mtu yeyote. Nikaufunga.

"Asante, bwana," Jilala akamjibu mwanawe. "Chumba chako kitakuwa tayari sasa hivi."

Nikaona haya mpaka masikio yakanivuma. Niliona haya kwa ajili ya baba, nikaona haya kwa ajili ya mtoto, nikajionea haya na mimi niliyesimama katika nyumba yangu mwenyewe kama jiwe.

Hapo ndipo Limi alipoingia na ndoo ya maji kichwani.

"Ng'wana wane!" Mwanangu! Ndoo aliitua hovyo, maji yakamwagika, akaja mikono mbele. Bartholomeo akarudi nyuma. Jilala akainuka upesi, akamshika mkewe bega kwa ule mkono mchafu, akamwambia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Siye, Limi. Anafanana naye tu. Wetu hakuja na treni hii."

Limi alimtazama mumewe. Akamtazama kijana, kuanzia soksi mpaka masikio, muda mrefu, na kijana akatazama ukuta. Mikono ikashuka, akaificha ndani ya khanga.

"Kweli," akasema. "Siye."

Kisha akanigeukia. "Nisemee kwa Kiswahili, dada. Mwambie huyo bwana anisamehe. Nilimdhani mwanangu. Wangu namngoja, na macho yangu yameingia vumbi la safari."

Nikatafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, mbele ya Bartholomeo ambaye yote alikwisha kuyasikia katika lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Stanslaus ndiye aliyejibu. Alikuwa ametoa mkono puani, na alisema kwa upole, kijana wa watu aliyelelewa, "Hamna neno, mama. Mungu atakuletea wako."

Limi aliniangalia nimtafsirie na hayo, nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni ya mlango ili wageni wapite. Stanslaus akangoja mwenyeji wake atangulie. Bartholomeo akatangulia.