Giaboksi Yenye Mshono wa Meimuna

Landkruza ya Khattri ilikata roho chini ya mlima, pale ambapo barabara inabaki kuwa barabara kwa jina tu. Gia ya kwanza ilikuwa ikiruka tangu mwaka jana, naye akiishikilia kwa mkono kama mtu anayemshika mbuzi mkorofi. Asubuhi hiyo meno ya gia yalisagana mara moja, mlio ukamfika mpaka kwenye fizi, kisha kimya. Lori la makaa likamburuta mpaka mjini Atar, kwenye uwanja wa Sneiba, muuza vyuma.

Alikuwa ameteremka kutafuta dizeli tu. Juu kijijini alimwacha binti yake Salka na mimba yake ya kwanza. Mkunga alikuwa amempapasa tumbo, akasema mtoto amekaa kimkingamo. "Mshushe hospitali leo," alisema. "Ukisubiri kesho, usinifuate mimi."

Na Salka alikuwa akikaa papa hapa Atar, kwa mumewe, mtaa wa pili kutoka hospitali. Lakini kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi, na Khattri mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua. Walipomwambia mama hayupo, alijibu kwamba hema la mama lipo. Hakutaka watu waseme nyumba ya mkewe Meimuna ilizikwa pamoja naye.

Aliliacha gari uwanjani, akapitia kwanza ofisi ya afya. Kijana mwenye shati lililopigwa pasi alimwambia, macho kwenye simu: "Gari la wagonjwa liko njiani, mzee wangu. Wewe tulia."

Khattri alisimama akamtazama. Liko njiani. Ndiyo maneno aliyoambiwa miaka mitatu iliyopita, Meimuna akivuja damu mkekani na wanawake wakibadilisha vitambaa. Lilikuwa njiani usiku kucha. Baadaye wakasema lilinasa mchangani, maskini, amri ya Mungu. Tangu hapo Khattri alikuwa akiulaani mchanga, na dereva, na kila mwenye kiti na feni serikalini. Lakini zaidi mchanga.

Magari mengine ya mlimani yote yalikuwa yametawanyika mashambani, mavuno ya tende. Lake ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limelala uwanjani kwa Sneiba.

"Baba Salka!" Sneiba alimpokea. "Hujafa tu?"

"Naisubiri serikali initangulie."

"Basi utazeeka vibaya. Kaa, chai iko motoni."

"Sikai. Nataka giaboksi ya mlima. Usinipe ya lami."

Sneiba alimvutia moja iliyopakwa rangi ya fedha, inang'aa kama bibi harusi. Khattri akazungusha shafti. Haikutoa hata mnong'ono. Akafungua nati ya mafuta, akachovya kidole, akanusa.

"Mafuta ya mkia wa kondoo," alisema.

"Kidogo tu, ndugu yangu. Kulainisha sauti."

"Sneiba, hii si giaboksi. Hii ni kitoweo."

Sneiba akacheka mpaka kilemba kikamteleza. "Haya, nimeshikwa. Ipo nyingine kule nyuma, chini ya magunia. Ile ina kelele kama mama mkwe, lakini ni nzima."

Waliiburuta pamoja hadi kivulini. Khattri aliiingiza gia ya kwanza, akapiga alama ya chaki kwenye shafti ya mbele, akaanza kuizungusha kwa mkono. Ile ya nyuma ilijikokota. Ya mbele ilizunguka karibu mara tano ndipo ya nyuma ikamaliza mzunguko wake mmoja. Gia fupi ya kupandia majabali. Meno yalivuma kidogo, mvumo mkavu wa chuma kisicho na la kuficha.

"Hii hapa," alisema, akashika kichwa cha mti wa gia ili ajaribu ya pili.

Mkono ukasita. Kichwa kilikuwa kimevikwa ngozi. Akafuta vumbi kwa pindo la joho lake: ngozi nyekundu na kijani, uzi umerudiwa mara mbili, na fundo dogo mwishoni lililofichwa kwa ndani. Mshono ule aliujua kama anavyoujua mlango wake. Siku mkuu wa wilaya alipokuja kijijini kukabidhi gari la wagonjwa, akala ngamia wao na kuhutubia hadi watoto wakasinzia, wanawake walilipamba gari lile. Meimuna ndiye aliyeshona ngozi ya gia. Hakuamini uzi mmoja.

"Hii ilikufikia lini?"

"Zamani. Mwaka ule maji yaliposomba soko. Kabla ya Idi ya kuchinja."

Meimuna alikufa mwaka huohuo, baada ya Idi. Nyama ilikuwa bado imeanikwa kambani.

Kwa hiyo mchanga haukuwa na kosa. Usiku ule gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, tumbo wazi, na mtu alikuwa ameshika simu akisema liko njiani.

"Nani aliileta?"

"Baba Salka, mimi nanunua vyuma. Sinunui maswali."

"Nani, Sneiba?"

"Watu wa mkuu wa wilaya," Sneiba alisema chini chini. "Kwa gari lake mwenyewe."

"Na gari la wagonjwa hilo jipya? Lililo njiani leo?"

Sneiba alishika birika, akawa anamimina chai kutoka bilauri hii kwenda ile, akiitafutia povu ambalo lilikuwa limeshajaa. Ila macho yake yalikimbilia pembeni mwa uwanja mara moja tu, na Khattri akayafuata. Turubai lilikuwa limefunika kitu kirefu. Upepo ukainua ncha yake. Chini yake kulikuwa na ubavu mweupe wa gari la wagonjwa, na mawe mahali pa magurudumu.

"Njoo tuinue giaboksi," Khattri alisema.

Sneiba hakutaja bei, na hakuulizwa. Chai ilipoa bila kunywewa.

Alasiri Landkruza ilikwea mlima kwa gia ya kwanza, ikivuma njia nzima. Jua lilipokuwa likizama ilikuwa ikiteremka, Salka mbele amekunja uso, mkunga nyuma akimshika mabega. Kwenye kona ya mwisho Salka alipeleka mkono kutafuta pa kushika, ukaangukia mti wa gia. Vidole vyake vikapapasa fundo.

"Baba. Hii kaishona Mama."

"Ndiyo."

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa inakuja. Imechelewa kidogo."

Uchungu ukamrudia Salka.

Mlangoni pa hospitali wauguzi wawili walimpokea kwenye machela. Mmoja alimpapasa, akapaza sauti waandae chumba, bado kuna wakati. Salka aligeuza kichwa.

"Baba, zima gari uje ndani."

Injini ilikuwa ikinguruma. Mwisho wa barabara, nyumba ya mkuu wa wilaya ilikuwa imewashwa taa zote, geti liko wazi, wageni wanakula barazani. Khattri alikuwa ameishika ngozi ile kwa mkono mzima.

"Tangulia, mwanangu," alisema. "Niko njiani."

Akaingiza gia ya kwanza.