Donati za Chai ya Gambuti

Asubuhi ile Mizuho alikuwa amesema neno lake, tena kwa upole: shangazi Kikue akiucheka upishi wake mara nyingine, yeye anarudi kwao Nagoya, na Yasunori akimtaka mkewe atamfuata huko. Mama mkwe wake, Tsuruyo, hakutaka aende. Alimpenda binti huyu. Kufagia alikuwa mvivu, kweli, lakini alimkanda miguu bila kuombwa.

Basi wifi yake Kikue alipofika, akavua viatu na kupiga magoti mkekani mbele ya meza fupi, Tsuruyo aliomba kimoyomoyo donati za Mizuho zitoke salama. Na zilitoka. Mizuho alikuwa ameukanda unga wa mchele kwa maziwa ya soya mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio, akafinyanga vidonge vidogo, akaviunganisha duara kama shanga, akavioka. Chai aliikaanga kavu, akaitwanga ikawa vumbi la kutia kwenye unga. Harufu ilijaa nyumba nzima.

Kikue akauma. Akatafuna. Akauma tena.

"Mh! Mke wa Yasunori, umepika wewe au umeagiza dukani?"

"Nimepika mimi, shangazi."

"Basi leo mikono yako imeamka."

Kwa furaha Tsuruyo aliuma kipande kikubwa, akaenda nacho mdomoni hadi jikoni kuchukua maji ya moto. Mizuho akamfuata. Kwenye meza ya jikoni Tsuruyo akaliona kopo: lile lenye kutu ukingoni, ambalo mahali pake ni mlangoni, kando ya kabati la viatu.

Humo alikuwa akiweka machicha ya chai iliyokwisha kunywewa. Huyakausha, huyatia kwenye soksi kuukuu, na kuyasokomeza ndani ya gambuti za Yasunori anaporudi shambani, yanyonye jasho na uvundo. Asubuhi huyamwaga tena koponi. Msimu mzima wa mvua, machicha ni yale yale, gambuti ni zile zile, na miguu ya Yasunori, mwanawe wa kumzaa, ilinuka kama maharage yaliyovunda. Juzi tu alikuta humo kipande cha ukucha.

"Mizuho," alinong'ona, donati ikiwa shavuni, "chai umeitoa wapi?"

"Si kwenye kopo la mlangoni, mama? Nilijua ndiyo ile nzuri unayoificha. Ilikuwa na kiharufu kidogo, lakini nilipoikaanga kikatoka."

Kikatoka! Kikaenda wapi? Na donati ya unga wa mchele haina huruma. Biskuti ingekuwa imeshayeyuka zamani; hii, kila ukiitafuna inavutika, inarudi, inang'ang'ania meno. Tsuruyo akalitazama sinki.

"Wifi!" Kikue aliita. "Mbona mmejificha? Kuna nini humo?"

Mizuho alikuwa akimkodolea macho. "Mama, ni mbaya?"

Akitema, itabidi aeleze. Akieleza, Kikue ataipeleka habari nyumba kwa nyumba kabla jua halijazama, na binti atafunga mizigo. Tsuruyo akafumba macho, akameza. Ilishuka polepole, kama konokono asiye na gamba.

"Tamu," akasema.

Waliporudi sebuleni, Kikue alikuwa akijilamba vidole. "Hizi zilizobaki nifungieni. Nikawaonjeshe wenzangu wa kwaya."

Tsuruyo akawaona akilini wale mabibi wote wa kwaya, kila mmoja anatafuna jasho la mwanawe huku akisifu. Akaivuta sahani mpaka mapajani.

"Hapana. Hizi ni zangu."

"Zote?"

"Zote."

"Loo! Mke wa Yasunori, unamwona mama mkwe wako? Uroho umemwanza uzeeni! Na ndiye aliyekuwa akinifundisha adabu!" Kikue alicheka hadi akapigapiga meza. "Haya, kula basi, tukuone!"

Tsuruyo akala. Aliona nywele ulimini, akaona mchanga, akaona hata visivyokuwamo. Alitafuna kwa meno ya mbele tu, ulimi ameukunja nyuma, machozi yakimchuruzika.

"Analia kwa utamu!" Kikue akapiga kelele. "Kesho nawaambia wote!"

Mizuho akacheka, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Tangu aolewe hakuwahi kucheka mbele ya shangazi huyo. "Taratibu, mama, usije ukapaliwa. Kesho nitakuokea nyingine."

"Kesho," alisema Tsuruyo, donati ikiwa bado imemnasa kwenye fizi, "chai nitakuchagulia mimi."