Baba Alizima Msumeno

Baba yangu, Jamleck Muiruri, amepasua mbao katika kiwanda kimoja mjini Elburgon kwa miaka ishirini na sita, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Wanaoijua kazi hiyo wanajua hilo si jambo dogo.

Mwaka juzi moyo ulianza kumwenda mbio akiwa amekaa tu. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, kifua kinabana kama kimekaliwa na mtu. Zahanati wakasema ni taifodi, akameza dawa. Mwezi uliofuata wakasema ni vidonda vya tumbo. Nikampeleka Nakuru, akapimwa moyo, akapigwa picha ya kifua. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Kwa hivyo mimi ninadanganya, Wariara?" aliniuliza tukiwa bado mlangoni pa hospitali.

Nilimshika mkono, tukarudi. Nyumbani akaacha kuimba kwaya ya kanisa, chakula akawa anakionja tu. Asubuhi ungemkuta kwenye ukingo wa kitanda, viatu vya kazi miguuni, kamba hazijafungwa, ameshindwa kuinuka.

Safari ya saba ya zahanati tulimpata muuguzi mgeni, Chepkurui. Alifungua kitabu cha baba cha hospitali, akakisoma chote, kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, vile vitu ulivyokuwa unapenda, bado vinakufurahisha?"

"Hapana."

"Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?"

Nilitaka kumjibia. Baba akainua mkono kunizuia. "Ndiyo," akasema. "Hata jana." Halafu akalia. Nina miaka thelathini na moja, na sikuwa nimewahi kuona machozi yake.

Chepkurui hakushtuka. Alimwambia huo ni ugonjwa wa akili, una jina na una matibabu.

"Lakini mimi sina shida," baba akabisha. "Watoto wamesoma. Viazi vinazaa. Hakuna aliyekufa."

"Kwani malaria huuliza kama viazi vinazaa?"

Baba akaanza kwenda kliniki kila Alhamisi kuongea na mshauri, na kumeza tembe moja kila asubuhi. Wiki tatu hakuona tofauti, akataka kuacha. Mama aliweka tembe kando ya kikombe cha chai na kusimama hapo mpaka imezwe. Wiki ya sita tukamsikia uani akimgombeza jogoo. Mama alinikonyeza, akageuka upande wa jiko ili nisimwone uso.

Habari zilifika kiwandani. Siku moja nimempelekea baba githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, nikamsikia Kipkemoi, mpakiaji mwenye nguvu kuliko wote, akiuliza kwa sauti: "Alhamisi ya wazimu ni kesho, ama?" Watu wakacheka.

Baba alizima msumeno. Kiwanda kizima kikanyamaza.

"Ni kweli, ninaenda kliniki ya akili," akasema. "Mwaka jana nilikuwa nasimama hapa mbele ya huu msumeno na sitaki kuishi. Na nyinyi mmeshika gogo upande ule mwingine. Mnataka nani awapasulie? Yule wa mwaka jana, ama huyu anayeenda kliniki?"

Baba akapangusa mikono, akawasha msumeno, akaendelea na ubao wake. Niliondoka hapo na bakuli la githeri nikiwa nimesahau kumpa.

Wiki iliyofuata, Alhamisi asubuhi, Kipkemoi alikuwa amesimama kwenye lango letu, amevaa shati safi. Aliangalia chini.

"Mzee, mimi pia silali. Tangu Desemba. Huko mtu anaingia aje?"

"Kwa mlango," baba akasema. "Twende."

Baba hajapona kabisa. Kuna asubuhi ambazo bado zinamlemea, na siku hizo anatuambia wazi mezani. Lakini siku ile walishika barabara pamoja, Kipkemoi ameinamisha kichwa, baba ameinua chake, akisalimia kila mtu. Mama Zeddy wa duka akamuuliza wanaelekea wapi na mapema hivyo.

"Kliniki ya akili!" baba akamjibu kwa ile sauti yake ya kwaya.

Niliwatazama mpaka wakapinda kona.