Mstari wa Asubuhi

Siku ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji, Bi Amna alimaliza swala ya alfajiri, akavuta uradi wake taratibu, kisha akakaa mkekani nyuma ya mlango ulioegeshwa. Alikuwa ndani ya eda. Mumewe, mzee Masoudi, alizikwa korosho za kwanza zilipoanza kuanguka, na mjane haendi huku na huko. Sheikhe alimruhusu kutoka mchana kwa haja ya lazima, na kura aliihesabu kuwa haja. Angekwenda baada ya adhuhuri, watu wakipungua, apige, arudi zake ndani.

Haja yenyewe ilikuwa mikorosho. Shamba aliloachiwa na marehemu limekaa katikati, huku maboma ya wafugaji, huku lambo la maji. Ismaily, mgombea mmoja, alikuwa akitangaza waziwazi kwamba akishinda ataisimamia njia ya ng'ombe ipite humo humo, maana ndiko karibu. Mgombea wa pili, Swalehe, mdogo wake marehemu, alisema hakuna mkorosho utakaoguswa. Basi kwa Bi Amna uchaguzi mzima ulikuwa huo: Swalehe apite, mikorosho ibaki.

Kwenye upenyo wa mlango aliiona shule, kilipo kituo cha kupigia kura. Jua lilikuwa halijachangamka, na mstari ulikwisha kuwa mrefu. Akakaza macho. Bi Amna si mtu wa kukurupuka. Marehemu alizoea kumtania kwamba hata kuku akikonyeza, mkewe amemwona. Alitazama mpaka akaridhika na alichokiona. Kofia za pama, fimbo zimeegeshwa ukutani, wanawake na watoto mgongoni. Wafugaji watupu. Wenyeji walikuwa mmoja mmoja, kwa sababu wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Nkowe, na kila mwenye korosho chini alikimbilia kuziokota kabla hazijalowa.

Akaanza kuwahesabu kwa vidole.

Mwamina, mke wa Swalehe, akaingia na bakuli la uji, anacheka.

"Dada, umeuona mstari? Utadhani pale wanagawa sukari ya bure!"

"Nimeuona. Wewe umeona kina nani wamo?"

"Watu."

"Watu gani, Mwamina? Watu wako wameinama mikoroshoni. Wale wote ni wa maboma. Wamedamka kabla yetu, na njia ya ng'ombe wameahidiwa na nani?"

Mwamina akaweka bakuli chini. Kicheko kimekatika. "Mungu wangu! Sasa?"

"Kamwambie mumeo. Mwambie Amna amesema, mstari wa asubuhi ni wa Ismaily mtupu. Awaite watu wake watoke mashambani."

Alimaanisha hivyo tu, awaite watu. Lakini ujumbe ulimkuta Swalehe amezungukwa na vijana wake, nao waliposikia hawakwenda mashambani kumwita mtu. Walikwenda darajani, pale watu wa maboma wanapovukia korongo kuja shule.

Hazikupita saa nyingi, Bi Amna akasikia mayowe. Akachungulia. Mstari ulivunjika kama uzi wa shanga. Akina mama wakavuta watoto, wanaume wakachukua fimbo zao, wakatoka mbio kuelekea darajani. Uwanja ukabaki na wenyeji wachache, wametumbua macho.

Kisha akaja Minza na ndoo ya maji kichwani. Tangu eda ianze, mke huyu wa mfugaji Deus ndiye aliyemchotea maji, bila kuombwa. Leo alichelewa, kanga imechanika, mdomo umevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufanya hivyo?"

"Vijana wa mzee Swalehe. Wameziba daraja kwa pikipiki. Wanasema wenyeji kwanza, wageni jioni. Deus akawaambia sisi tumejiandikisha kama wao, wakamkwida shati. Mimi nikaingia kati." Akagusa mdomo. "Waliokuwa kwenye mstari wamesikia watoto wanalia, wametoka wote. Wengi hawajapiga."

Ndani ya Bi Amna kitu fulani, kitu cha aibu, kilishusha pumzi: basi mikorosho imepona.

"Na nyinyi mbona mlijaa mapema vile?"

"Mama, ng'ombe hawajui uchaguzi. Lambo limebaki tope. Leo tunawapeleka mtoni, upande wa Narung'ombe, kurudi ni kesho. Tukasema tumpe mzee Swalehe kura zake kwanza, ndipo tuondoke."

"Mumpe nani?"

"Mzee Swalehe. Ng'ombe wetu walipokula ufuta wa watu, vijana walitaka kuwakata kwa mapanga. Yeye ndiye alitukalisha, tukalipa, yakaisha. Halafu huyo mwingine akaja bomani, anasema atatupa njia kwenye mikorosho yako. Deus akamjibu, tukanyage jasho la mzee Masoudi aliyetupokea hapa? Wazee wakakubali. Ila tuliambizana tusiseme. Mgeni akimtaja anayemtaka, anaambiwa kanunuliwa." Minza akatikisa kichwa. "Sasa sijui nani amewaambia sisi ni wa Ismaily."

Bi Amna angeweza kunyamaza, lakini Mungu alikuwa anasikia.

"Ni mimi, mwanangu."

Minza alimtazama. Akamimina maji mtungini mpaka tone la mwisho, akachukua ndoo, akatoka bila kuaga.

Bi Amna akajifunga kanga, akatoka na jua lile. Swalehe alipomwona anakuja darajani, akashtuka.

"Shemeji! Na eda?"

"Eda ni yangu na Mola wangu. Ondoa vijana wako. Wale walikuwa watu wako, Swalehe. Mimi nimeona vibaya, na wewe hukuuliza."

Alipomaliza kumweleza, Swalehe akarukia pikipiki hadi maboma. Akakuta mazizi matupu, na vumbi la ng'ombe mbali njiani. Akarudi mdogo kama kijana aliyechapwa.

Bi Amna akapiga kura yake, akarudi nyumbani. Mvua ikashuka, ikawafungia watu mashambani hadi kituo kikafungwa. Jioni shangwe zilisikika upande wa kwa Ismaily. Alikuwa amempita Swalehe kidogo tu.

Keshokutwa yake asubuhi, matambara mekundu yalikuwa yamefungwa kwenye mikorosho ya marehemu, kuonyesha njia itakapopita. Bi Amna akiwa nyuma ya mlango akasikia kengele za ng'ombe. Deus alikuwa mbele ya kundi. Walipofika kwenye tambara la kwanza akapiga mluzi, akawageuza wote, wakalizunguka shamba kwa njia ndefu ya zamani kwenda lambo, lililopata maji ya mvua. Minza alikuwa nyuma, ndoo kichwani. Mlango wa Bi Amna akaupita.

"Minza! Minza, mwanangu!"

Minza akasimama. Hakugeuka.

"Shikamoo mama," akasema, akaendelea na njia.

Bi Amna akaitikia polepole, peke yake. Maji mtungini yalikuwa yamefika chini.